Dereva wa Zamani Azuiwe

Sumbawanga,
2 Machi 2009

Rhoda shoga yangu,

Kabla hujauliza: mimi mzima, mama mzima, baba mzima na kikohozi chake cha msimu wa mvua. Asiye mzima ni ile laptop yako. Naiita yako kwa sababu inaponitii ni yangu, na inaponikaidi ni yako wewe uliyekuja mwaka jana ukaitoa Windows ya kunakili, ukaweka Linux, ukasema, "Hii haishiki virusi, utanishukuru." Nilikushukuru. Sasa nazitaka shukrani zangu zirudi.

Tatizo ni hili. Asubuhi naiwasha, inaushika mtandao kutoka kwenye dishi la chuo cha ufundi pale ng'ambo ya barabara, kompyuta nyingine mbili zinapata kupitia kwake, wateja wanakaa, raha. Umeme ukikatika na kurudi (betri yake ilishakufa), naiwasha tena: hakuna kitu. Naizima, naiwasha: upo. Naizima, naiwasha: haupo. Sijabadilisha chochote! Jana Mwalimu Jenifer alikuwa katikati ya kujaza maombi ya chuo, ukurasa ukaganda, akabaki ameinua kidole hewani kama anayetaka kujibu swali darasani.

Baba naye ameanza. Unakumbuka chumba hiki cha intaneti nyuma ya duka kilikuwa stoo yake. Juzi alisimama mlangoni akasema kwa ule upole wake unaotisha, "Mwanangu, mahindi hayana matatizo. Ukiweka gunia leo, kesho unalikuta." Akaongeza kwamba mavuno yakianza, kama mtandao bado unakuja na kuondoka kama paka wa jirani, chumba kinarudi kwa mahindi.

Nampa kondakta wa basi la asubuhi barua hii. Posta naiheshimu, ila haraka ninayo.

Wako mwenye dhiki,
Sauda

* * *

Mbeya,
6 Machi 2009

Sauda,

Barua imefika ikinuka kitunguu. Kondakta aliifunga pamoja na chapati zake.

Umeandika ukurasa mzima. Umeniambia baba anasema nini, Mwalimu Jenifer alifanya nini na kidole chake, na paka wa jirani. Hujaniambia kompyuta yenyewe inasema nini. Hapa kwenye karakana wateja wote wako hivyo, wananiletea mashine wakisema "imegoma" kana kwamba ina chama cha wafanyakazi. Kompyuta haigomi, shoga. Ina mdomo, iulize.

Fungua lile dirisha jeusi nililokuonyesha. Andika lsmod, bonyeza Enter. Itakutolea orodha ndefu ya majina. Tafuta majina mawili tu: ndiswrapper na b43. Niambie kama yupo mmoja, au wote, au hakuna.

Nikueleze kwa nini, maana nakujua, hutaandika mpaka uelewe. Kila kifaa ndani ya kompyuta kina programu inayokiendesha. Mafundi wanaiita draiva. Mimi nasema dereva tu, kazi si ndiyo hiyo? Kile kifaa cha kunasa mtandao ni gari. Bila dereva limeegeshwa. Mwaka jana, kwa kuwa Linux haikuwa na dereva wake wa kifaa kile, niliazima dereva wa Windows nikamvalisha koti la ndiswrapper ili akubalike. Kazi alifanya. Sasa nataka kujua: ile CD mpya niliyokutumia Januari, uliiweka?

Nyumbani bondeni wanakusalimu. Baba yangu, Mzee Masunga, ameacha kuniuliza habari za mchumba. Siku hizi anauliza kama kompyuta zinazaa, maana anaona nashinda nazo kuliko yeye na ng'ombe zake.

Rhoda

* * *

Sumbawanga,
11 Machi 2009

Mwalimu Rhoda,

Niliandika lsmod. Ikamwagika orodha ndefu kama ya wachangiaji wa harusi. Nimeipitia kwa kidole: ndiswrapper yupo. b43 naye yupo. Wote wawili! CD ya Januari niliiweka siku ileile ilipofika. Kila iliponiuliza swali nilijibu ndiyo, kwa heshima.

Sasa nasubiri hukumu. Usinipigie kwenye simu yangu, iliingia kwenye sufuria ya maharage yaliyolowekwa na sasa inaongea yenyewe kwa sauti ya mtu aliye kisimani. Piga ya dukani.

Umesema habari ya dereva, nimecheka, maana kwetu hapa madereva ndiyo mada ya kila mlo. Unamjua Baba Modesti, Marselino wa Mwazye, anayeendesha Fuso la baba tangu mimi nikiwa darasa la pili. Ndiye aliyekuwa akinipandisha kwenye kebini na kunishusha mlangoni pa shule. Mwaka jana wakati wa mavuno baba aliongeza dereva wa pili, kijana wa Tabora anaitwa Maganga. Mavuno yakaisha, Maganga akabaki, na gari ni moja. Akishuka huyu, anapanda yule na kurekebisha kiti, vioo, mpaka ile kanga ya kufutia vumbi anaihamisha upande mwingine. Kisha anasonya. Akipanda wa kwanza, anarudisha vyote kama vilivyokuwa, naye anasonya. Baba Modesti analala na ufunguo chini ya mto. Baba anasema kichwa kinamuuma, na si homa.

Nipigie haraka.

Sauda

* * *

Sumbawanga,
16 Machi 2009

Kwa Binti yangu Rhoda Masunga,

Salaam nyingi zikufikie huko Mbeya kwenye baridi, ingawa na sisi hatujambo kwa baridi. Baada ya salaam, hali zetu ni njema, wasiwasi wetu ni kwako tu uliye mbali na wazazi.

Madhumuni ya barua hii ni shukrani. Siku ulipopiga simu dukani, laini ilikuwa na upepo mwingi na mimi nilikuwa nakohoa, nikashindwa hata kukujulia hali. Lakini maneno yako niliyapata vizuri, nayarudia hapa ili ujue sikuyapuuza: "Mwambie Sauda tatizo nimelijua. Ni madereva wawili wanagombea chombo kimoja. Yule wa zamani azuiwe asiamke tena, huyu mpya aachwe peke yake, mambo yatanyooka."

Nilikaa kwenye kiti, binti yangu. Nilijua Sauda anakuandikia mambo ya nyumbani. Sikujua kwamba kichwa kinachoniuma mimi huku kingepata dawa kutoka kwa msichana wa kompyuta. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili tangu mwezi wa Ramadhani bila kuthubutu. Marselino ni mtu wangu. Tumekula njiani kwa sufuria moja. Lakini nikajisemea, huyu ni msomi, hamjui Marselino wala Maganga, hana upande. Mwenye jicho la mbali ndiye huona msitu.

Basi nimefanya ulivyosema. Nilimwita dukani Jumamosi nikamwambia apumzike. Nilimpa haki yake na gunia la mchele. Aliweka ufunguo juu ya mizani, mshale wake ukacheza, akatoka. Nimesikia amekwenda Kirando kwa shemeji yake.

Sauda sijamwambia kwamba ushauri ni wako. Anampenda sana mzee yule, asije akakuchukia. Siri hii ni yangu na wewe. Naituma kwa posta ili isipite mikononi mwake, maana makondakta wote ni rafiki zake.

Ni mimi mzazi wako,
Abdala

* * *

Sumbawanga,
21 Machi 2009

Rhoda,

Nilikuomba unipigie. Hukupiga. Nimemuuliza baba, anasema hakuna mtu aliyepiga simu ya mambo ya kompyuta, na aliposema hivyo aliangalia dari.

Lakini kompyuta iache. Baba amemfukuza Baba Modesti. Wa miaka yote ile! Mbele ya wateja, Jumamosi, duka limejaa. Nilikuwa chumba cha nyuma napambana na laptop, nilipotoka nikamkuta Maganga ameshika ufunguo kama ameshika yai la mtu mwingine. Nikamuuliza baba kwa nini. Anasema, "Nimeshauriwa na mtu mwenye elimu." Nani? "Mtu mwenye elimu." Mama naye amemuuliza usiku, akajibiwa hivyohivyo.

Sasa Maganga ni dereva mzuri wa lami, lakini njia ya Kirando haijui. Ule mteremko wa kwenda ziwani ukishaacha Namanyere, Baba Modesti anaujua jiwe kwa jiwe. Maganga alikuwa anarudi na mzigo mvua ikinyesha, akafuata alama za matairi ya mtu aliyekuwa amekosea njia, wakazama wote wawili kwenye tope moja. Magunia ya dagaa yamelowa. Tumeyaanika uani kwetu, na paka wote wa Sumbawanga wamehamia hapa na familia zao.

Mama Modesti, Leonia, nilikutana naye sokoni. Hakunilaumu. Alinipa mkono, akaniuliza kama laptop imepona. Rhoda, ningetamani anitukane.

Na mtandao leo haujatokea kabisa. Mwalimu Jenifer amekuja mara mbili, hata hakai tena, anachungulia dirishani tu.

Sauda

* * *

Mbeya,
24 Machi 2009

Sauda,

Pole. Nimesoma barua yako kwenye karakana nikasahau chuma cha kulehemu kikiwa kinawaka, nimeunguza meza.

Naanza na hili la Baba Modesti. Huyo mtu mwenye elimu ni nani, na elimu hiyo alipewa wapi? Mtu anakaa huko aliko, hajawahi kupanda gari lile, hajui njia, hajui watu, halafu anamwambia mzee wa watu amtoe dereva wake! Mwambie baba, kwa heshima zote, kwamba huyo mshauri wake ni mpumbavu. Ukilipata jina lake niandikie, nimtumie barua mwenyewe.

La pili. Usiseme sikupiga. Nilipiga dukani tarehe 13 asubuhi. Laini ilikuwa mbaya, kama mtu anapepeta mahindi ndani yake. Akapokea mtu mzima anayekohoa. Nikamwambia mimi Rhoda wa Mbeya, namtafuta Sauda. Akasema hupo, niache ujumbe. Nikaona nisimchoshe na maneno ya kifundi, nikamwambia kwa ufupi kwamba tatizo nimelijua, ni madereva wawili wanagombea chombo kimoja, yule wa zamani azuiwe

Sauda.

Ngoja kwanza.

Sauda, baba yako bado ana kikohozi?

Alisema, "Nimekuelewa kabisa, binti yangu, Mungu akuzidishie." Nilidhani ni adabu tu za watu wa Sumbawanga.

Yesu wangu. Ni mimi. Mpumbavu ni mimi.

Nimetoka nje nikatembea mpaka sokoni na kurudi, bado ni mimi. Nitamwandikia baba yako leoleo, barua iende na basi hilihili. Wewe usimgombeze. Alinisikiliza kuliko wateja wangu wote wanavyonisikiliza, hiyo ndiyo shida.

Dawa ya kompyuta hii hapa, safari hii kwa maandishi. Ile CD ya Januari ilikuja na dereva mpya wa Linux mwenyewe, b43, lakini haikumwondoa yule wa kuazima. Kila unapowasha, wote wawili wanakimbilia kifaa. Siku nyingine mmoja anawahi, siku nyingine wanabanana mlangoni na hakuna anayeingia. Fungua faili liitwalo blacklist ndani ya folda la modprobe.d, na chini kabisa ongeza mstari huu:

blacklist ndiswrapper

Maana yake, huyu asiamshwe wakati wa kuwasha. Kwenye bahasha kuna flashi. Ndani yake kuna faili ambalo b43 hawezi kufanya kazi bila hilo, na maelekezo ya kuliweka. Liweke, zima, washa.

Rafiki yako asiye na elimu,
Rhoda

* * *

Mbeya,
24 Machi 2009

Baba, shikamoo.

Ni mimi Rhoda. Naandika nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni.

Baba, dereva niliyemsema kwenye simu si Marselino. Si mtu. Ni programu iliyo ndani ya laptop ya Sauda, inayoendesha kifaa cha kushika mtandao. Sisi mafundi tunaziita hivyo. Ziko mbili, moja niliiweka mimi mwaka jana na nyingine ilikuja Januari, na zinagombana. Niliposema ya zamani izuiwe, nilikuwa nasema hiyo. Kosa ni langu. Nilitumia neno la barabarani kwa mwenye gari, na sikuhakikisha umenielewa.

Marselino simjui kwa kazi, namjua kwa jina tu. Nisingethubutu kukuambia lolote juu yake.

Naomba radhi kwako, kwake na kwa mama Leonia. Ukitaka nije mwenyewe kumweleza, nitapanda basi.

Binti yako,
Rhoda

* * *

Kirando,
4 Aprili 2009

Kwa Tajiri, Bwana Abdala,

Barua yako ameileta Maganga. Kabla ya kunipa barua alisimamisha gari mbele yangu, nikasikia gia ya pili inavyolia. Nilinyamaza, kwa kuwa halinihusu.

Barua nimeisoma mara tatu. Umeandika kwamba nilisimamishwa kwa makosa, kwamba dereva aliyesemwa yumo ndani ya kompyuta ya Sauda, na kwamba huyo naye ana mwenzake wanagombana. Nikampa shemeji yangu Zenon aisome kwa sauti, isije ikawa macho yangu. Akaisoma, akanigusa paji la uso kuona kama nina malaria, kisha akajigusa na yeye.

Hapa nasaidia kuanika dagaa. Sijui kuanika dagaa. Zenon ananisifu mbele ya watu, halafu nikigeuka anawapanga dagaa upya. Leonia nilimwambia niko likizo. Alinijibu kwamba hajawahi kusikia gari la Tajiri likienda likizo, seuze dereva.

Sikudai nyongeza na sidai. Neno langu ni moja. Uliniondoa mbele ya watu. Ukitaka nirudi, uje mwenyewe uniambie mbele ya watu. Na nikirudi nitaomba nimwone huyo dereva wa kompyuta. Mtu akifukuzwa kazi kwa kufananishwa na mwingine, ana haki ya kumwona huyo mwingine.

Nami nakuheshimu kama siku zote,
Marselino

* * *

Sumbawanga,
14 Aprili 2009

Rhoda mpenzi,

Kaa chini, hii ni ndefu.

Barua yako ya tarehe 24 ilinichekesha mpaka nikakaa juu ya gunia la mchele, kisha nikakumbuka uso wa Mama Modesti, kicheko kikakatika. Baba alikuwa amesoma ya kwake. Aliiweka mezani, akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo ni programu." Nikasema ndiyo baba. Akasema, "Inafananaje?" Nikamwambia haina sura. Adhana ilipolia akaenda kusali, na aliporudi aliomba karatasi ili amwandikie Marselino.

Jibu la Marselino lilipokuja alilisoma akiwa amesimama. Nilidhani atakasirika, maana unajua wazee wenye maduka. Akamwita Maganga: "Washa gari." Mimi nikaruka kebini kabla hajasema nani anakwenda.

Tulishuka ule mteremko polepole kama msafara wa harusi. Maganga alikuwa anatoka jasho ingawa kulikuwa na upepo. Tulipofika chini aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada, mimi leo narudi Tabora, sivyo?" Nilikuwa nimemhurumia Baba Modesti kwa wiki zote hizo, na sikuwahi kumfikiria huyu aliyekabidhiwa ufunguo usio wake bila kuomba.

Tukawakuta ufukweni, wanawake wanageuza dagaa juu ya chanja, Zenon anafunga magunia, na Baba Modesti katikati yao ameinama, amefunga kanga kichwani kwa ajili ya jua. Alipotuona aliivua haraka.

"Tajiri. Umekuja kununua dagaa?"

"Nimekuja kwako," baba akasema. Akavua kofia yake, Rhoda. Mimi sijawahi kuiona ile kofia ikivuliwa nje ya nyumba. "Nilikuondoa mbele ya watu. Watu hawa hapa. Nakuomba radhi, Marselino. Sikusikia vizuri kwenye simu."

Wanawake wakaacha kugeuza dagaa.

Baba Modesti akafuta mikono kwenye suruali, taratibu, kila kidole. "Miaka yote ile, Tajiri," akasema, "na ukasikiliza simu."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza mimi, ningekuambia."

"Ndiyo. Sikukuuliza."

"Ningekuambia nimechoka kugombana na kijana huyu. Ningekuambia mara nyingine kosa ni langu. Kiti anakisogeza kwa sababu ana miguu mirefu. Ni Mungu aliyempa, si kiburi."

Maganga alikuwa amekwisha kuufikia mkono wake, anampa ufunguo. "Shika, mzee. Mimi nitatafuta basi."

Baba akageuka kumwangalia. Nadhani alikuwa hajawaza hilo kabisa. Akafungua mdomo, na huwezi kuamini, akaufunga tena, akamwambia Marselino: "Safari hii nakuuliza. Unasemaje?"

Baba Modesti aliupima ufunguo kiganjani kama anapima dhahabu, halafu akaurudisha kwenye mfuko wa shati la Maganga. "Kushuka ameshuka vibaya, nimemsikia tangu juu. Kupanda nitamfundisha. Mteremko huu unataka watu wawili, mmoja usukani, mmoja anatembea mbele anaangalia jiwe. Siku zote nilikuwa natembea mwenyewe, narudi kuendesha, nashuka tena. Magoti yangu ndiyo yanajua."

Zenon akasema kwa sauti kubwa, "Alhamdulillahi, dagaa wangu watapona!" Yeye ni Mkatoliki, lakini furaha haikuchagua maneno. Watu wote wakacheka, na baba akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Tulipanda mlima wakipokezana. Kila baada ya kona Baba Modesti anateremka, anatembea mbele na tochi yake ingawa ni mchana, anapiga bodi la gari mara mbili, Maganga anasogea. Juu Namanyere walisimama wakanywa chai, na nikawasikia wakibishana juu ya kiti. Wamekubaliana wakate mto wa sponji: mwenye miguu mifupi anauweka mgongoni, mwenye mirefu anautoa. Imewachukua karibu mwaka, na mto wenyewe ni wa kochi letu lililochakaa.

Sasa laptop. Nilikuwa nimeweka ule mstari na faili la kwenye flashi tangu barua yako ilipofika. Rhoda, imetulia! Umeme umekatika na kurudi sijui mara ngapi, na kila nikiwasha mtandao upo. Mwalimu Jenifer amemaliza maombi yake, akanisalimia kwa mikono miwili. Na mama amepata kwa baruapepe picha ya mjukuu wa dada yake wa Ujiji, aliyezaliwa mwezi uliopita. Anakuja kuitazama kila baada ya chakula, anamwonyesha kila mteja, hata wasiotaka.

Baba Modesti alikuja kama alivyosema. Alivua kofia mlangoni. Nikamfungulia dirisha jeusi, nikamwonyesha jina la b43, nikamweleza kwamba yule wa zamani hatokei tena kwenye orodha.

"Huyu mliyemzuia, alikuwa mzembe?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Akiwa peke yake alifanya kazi vizuri tu. Ni kwamba kompyuta haijui kuwapokeza wawili.

Akaitazama laptop. "Mpeni pole," akasema, akavaa kofia akaenda kukagua gia ya pili.

Njoo Pasaka ijayo. Njoo hata kesho.

Sauda

* * *

BARUAPEPE
Kutoka: Sauda, kwa niaba ya Baba
Kwa: Rhoda
Tarehe: 19 Aprili 2009, mchana

Kwa Binti yangu Rhoda Masunga,

Salaam nyingi sana zikufikie, safari hii kwa njia ya dishi. Mimi Abdala nasema na Sauda anaandika, nimemwambia asipunguze neno. (Hapunguzi. Sauda.)

Baada ya salaam, sisi wazima. Barua yako ya radhi niliipokea, na radhi umepewa tangu siku ileile. Wewe ulisema sawa, mimi nikasikia nilichokuwa nataka kusikia, na mtu akitaka kusikia jambo hata upepo wa kwenye simu humsaidia. Usirudie kujiita mpumbavu, Sauda amenisomea. Ukijiita hivyo, mimi nijiite nani?

La pili ni habari ya chumba. Nilikuwa nimesema mavuno yakija kitarudi kuwa stoo. Mama yake Sauda, Mwanaheri, amenijulisha kwamba magunia yakiingia humo na picha ya mtoto wa Ujiji ikatoka, yeye atahamia humo pamoja na magunia. Kwa hiyo mahindi ya mwaka huu yatakaa sebuleni kwangu, na mimi nitapokea wageni barazani. (Ameshapima sebule kwa kamba. Sauda.)

La tatu, Marselino yuko hapa dirishani, anakusalimu. Anasema mlima umekauka, njoo akupeleke Kirando ukaone ziwa, Maganga ataendesha na yeye atatembea mbele.

La nne, wasalimie wazazi bondeni. Mzee Masunga mwambie kompyuta hazizai, lakini zinagombana kama watu.

Ni mimi mzazi wako,
Abdala

* * *

BARUAPEPE
Kutoka: Rhoda
Kwa: Sauda na Baba
Tarehe: 19 Aprili 2009, mchana

Baba, shikamoo! Imefika. Nimeisoma yote hapa karakana kwa sauti na wenzangu wamepiga makofi. Nitakuja mwezi wa sita. Msalimie sana mzee Marselino, na Maganga na mto wake.

Rhoda

* * *

BARUAPEPE
Kutoka: Sauda, kwa niaba ya Baba
Kwa: Rhoda
Tarehe: 19 Aprili 2009, mchana

Marahaba binti yangu.

Lakini jibu lako limefika hata sijakaa vizuri kwenye kiti. Chai yangu bado ina moshi. Barua ya mzazi haijibiwi hivyo, utakuwa umeiruka mistari. Irudie taratibu, lala nayo usiku mmoja, ndipo ujibu kama mtu mwenye malezi.

Sisi tupo, tutasubiri.

Abdala